Tajiri wa ng'ambo akinunua klabu, ananunua nini hasa?

Swali

Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi simu hapa Tukuyu, na Chelsea naipenda tangu nikiwa darasa la nne, enzi za Drogba. Mjomba wangu ni mzee wa kanisa. Kila Jumamosi akiniona naelekea kibanda umiza ananiambia nakwenda kushangilia fedha ya wizi na ya damu, kwamba yule tajiri Mrusi aliinunua timu ili watu wasahau alikotoka. Sina la kumjibu. Halafu kuna jambo la hapa nyumbani. Timu yetu ya mtaa, tunayoichangia tangu enzi za baba zetu, inacheza ligi ya mkoa. Amejitokeza mgeni kutoka nje, mfanyabiashara wa maparachichi, anasema ataichukua timu yote, atalipa madeni, atatununulia basi na kutujengea uwanja. Wazee wamegawanyika. Mimi ni katibu msaidizi na nitatakiwa kusema neno kwenye mkutano. Je, ni haki kumuuzia klabu tajiri wa nje?

Jibu

Marahaba, mdogo wangu.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila nikirudia naona wewe na mjomba wako mnagonga mlango mmoja. Yeye anauliza fedha imetoka wapi. Wewe unauliza ikiingia itafanya nini. Kazi yangu ni ukaguzi wa hesabu. Kwa miaka mingi nimebeba mafaili ya vyama vya msingi vya kahawa na chai, Mbozi, Rungwe, Mufindi hadi Njombe, na katika kuzunguka huko nikaanza kuitwa na vilabu vya mpira pia, kwa sababu vingi vya huku kwetu vimejengwa kama ushirika: ada, katiba, mkutano mkuu, na mwekahazina mwenye daftari la kaunta. Kwa hiyo nitakujibu kama mkaguzi.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Ugeni wa mnunuzi haunisumbui, na utajiri wake peke yake haunisumbui. Kinachonisumbua ni hiki: siku ya pili baada ya kutia saini, atakuwa amebaki nani mwenye nguvu ya kumwambia hapana?

Tuanze na Chelsea yako, maana ina karibu kila kitu unachotaka kujifunza.

Mjomba wako hajakosea. Roman Abramovich aliinunua klabu ile Julai 2003 kwa takriban pauni milioni 140, madeni yakiwemo. Fedha yake ilitokana na mafuta. Mwaka 1995, serikali ya Urusi ikiwa imeishiwa, yeye na mshirika wake walipata hisa za kuitawala kampuni ya mafuta ya Sibneft, iliyokuwa mali ya umma, kwa takriban dola milioni 100. Mwaka 2005 karibu robo tatu ya hisa za kampuni hiyohiyo ziliuzwa kwa Gazprom, shirika la serikali, kwa dola bilioni 13. Zisome tena hizo namba taratibu. Umma uliuza kwa milioni 100, ukanunua tena kwa bilioni 13, na katikati ipo miaka kumi tu. Tofauti ile ilikuwa ya Warusi wote, akiwemo mstaafu aliyekaa miezi akingoja pensheni isiyofika. Drogba aliposajiliwa kutoka Marseille mwaka 2004, sehemu ya gharama ile ililipwa na yule mstaafu, ambaye hakuulizwa.

Hilo usilikwepe mbele ya mjomba. Ukilikwepa atakuona mtoto.

Lakini mwongezee na la pili, ambalo huenda halijui. Tarehe 5 Machi 2022 Chelsea ilicheza ugenini Burnley. Urusi ilikuwa imeivamia Ukraine siku tisa kabla. Mechi haijaanza, uwanja mzima ukasimama kupiga makofi kuwapa pole watu wa Ukraine, na katikati ya makofi yale sehemu ya mashabiki wa Chelsea wakaanza kuimba jina la Abramovich. Baada ya mechi kocha wao mwenyewe, Thomas Tuchel, aliwaambia hadharani kwamba ule haukuwa wakati wake. Siku tano baadaye serikali ya Uingereza ikamwekea mmiliki vikwazo. Klabu ikazuiwa kuuza tiketi mpya, duka la jezi likafungwa, na nauli ya kwenda kucheza ugenini ikawekewa kikomo cha pauni 20,000 kwa mechi.

Nia ya mtu siwezi kuikagua, haina risiti. Naikagua kazi ambayo fedha imefanya. Pale Burnley fedha ilikuwa imefanya kazi kubwa kuliko kombe lolote: watu wasio na kisa na mtu, mafundi kama wewe, walimu, madereva, waliimba juu ya msiba wa wenzao kwa sababu mtu fulani aliwapa furaha. Hawakulipwa, na naamini waliimba kwa mapenzi ya kweli. Huko ndiko kuosha jina kwa mpira. Tajiri akienda kununua ukurasa wa gazeti, msomaji anajua ni tangazo. Akinunua klabu, anapata watu laki moja wanaomtetea wakiamini wanajitetea wenyewe.

Dola nzima inaweza kufanya hivyohivyo. Oktoba 2021 mfuko wa uwekezaji wa taifa la Saudi Arabia, ambao mwenyekiti wake ni mwanamfalme Mohammed bin Salman, ulichukua asilimia 80 ya klabu ya Newcastle ya Uingereza katika ununuzi wa pauni milioni 305. Ligi Kuu ya Uingereza ilisema imepewa hakikisho la kisheria kwamba serikali yenyewe haitaiongoza klabu. Miaka mitatu tu ilikuwa imepita tangu mwandishi Jamal Khashoggi auawe ndani ya ubalozi mdogo wa nchi yake mjini Istanbul. Nje ya uwanja mashabiki walikuja kusherehekea wakiwa wamejifunga vilemba vya Kiarabu, wengine kwa mataulo ya jikoni, mpaka klabu ikatoa tangazo la kuwaomba waache. Mwaka 2025 wakatwaa Kombe la Ligi, kombe lao la kwanza la ndani tangu 1955. Mzee aliyengoja miaka 70 akalia. Mimi siwezi kumwambia machozi yake ni haramu. Ninachoweza kumwambia ni kwamba machozi yake ndiyo yaliyonunuliwa, na kwa hiyo awe mwangalifu nayo.

Jibu lako kwa mjomba, basi, ni kwamba Chelsea ilikuwapo tangu 1905, miaka 98 kabla ya Mrusi, na bao la Drogba la dakika ya 88 kwenye fainali ya Ulaya kule Munich mwaka 2012 ni la Drogba na la wote walioruka naye. Kuipenda si dhambi. Dhambi inaanzia pale unapomwimbia mmiliki, unapomtukana mtandaoni anayeuliza habari za wafungwa au vita, unaposema "mpira usichanganywe na siasa" wakati mwenye klabu ameshauchanganya yeye. Ukibaki na ulimi wako, umebaki na kitu ambacho hakikuwemo kwenye bei.

Sasa nikupe jambo ambalo mashabiki wengi wa Chelsea hapa kwetu hawalijui, na ndilo linalogusa mkutano wako moja kwa moja.

Miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990 Chelsea ilikuwa karibu kufukuzwa kwenye uwanja wake. Kampuni za ardhi zilikuwa zimeukamata Stamford Bridge na zilitaka kujenga nyumba, maana pale ni London magharibi, ardhi ya dhahabu. Klabu ilipopona, mwaka 1993 mwenyekiti wa wakati huo, Ken Bates, alianzisha kampuni ndogo ya mashabiki iitwayo Chelsea Pitch Owners, yaani wenye kiwanja. Shabiki ananunua hisa moja, mbili, kumi. Hakuna gawio wala faida. Hata ukinunua hisa elfu, kura zako haziwezi kuzidi 100. Mwaka 1997 kampuni hiyo ikaimiliki ardhi ya uwanja. Na hapa ndipo penye ufundi: ikamiliki pia haki ya jina. Timu inaruhusiwa kuitwa Chelsea Football Club kwa sharti kwamba inacheza Stamford Bridge. Ukiihamisha bila ridhaa ya wenye kiwanja, jina unaliacha.

Oktoba 2011 Abramovich, akiwa na fedha za kununua karibu chochote duniani, alikwenda kwa hao wenye hisa kuomba wamuuzie ardhi ile. Hoja zake hazikuwa za kijinga. Alitaka uwanja mkubwa zaidi. Ilihitajika asilimia 75 ya kura. Akapata 61.6. Akakosa. Kinyozi na mpaka rangi wenye cheti kimoja cha hisa kwenye fremu ukutani walimwambia bilionea hapana, na bilionea akarudi nyumbani. Aliendelea kuwa mmiliki, akaendelea kumwaga fedha, mwaka 2012 wakachukua ubingwa wa Ulaya. Kukataliwa hakukumfukuza. Hilo likumbuke sana, kwa sababu kwenye mkutano wenu lazima mtu atasimama aseme "tukimwekea masharti atakimbia."

Na alipolazimika kuuza, Mei 2022, kwa pauni bilioni 2.5 zilizokusudiwa kwenda kwa waathirika wa vita, na ambazo miaka mitatu baadaye zilikuwa bado zimefungiwa benki, wanunuzi wapya kutoka Marekani wakiongozwa na Todd Boehly na kampuni ya Clearlake waliikuta ardhi ipo palepale, mikononi mwa walewale. Mmiliki amepita. Nyasi hazikupita.

Nawe kwa kuwa unapenda mahesabu, waangalie hao wapya nao. Hakuna vita wala wafungwa kwenye faili lao, lakini mkaguzi ana ya kusoma. Klabu iliuza hoteli zake mbili zilizo uwanjani kwa kampuni dada, mwenye nazo akiwa yuleyule, kwa pauni milioni 76.5, kisha ikaiuza timu yake ya wanawake kwa kampuni mama kwa karibu pauni milioni 200. Kwenye vitabu hasara ikapungua. Ni sawa na baba kuuza jogoo kwa mkewe halafu aandike kaya imepata mapato. Kanuni za ligi yao ziliruhusu. UEFA, shirikisho la mpira la Ulaya, haikuyahesabu, na Julai 2025 ikaitoza Chelsea faini ya yuro milioni 31. Haohao pia wanamiliki Strasbourg ya Ufaransa tangu 2023. Mashabiki wa Strasbourg walikuwa wakikaa kimya dakika 15 za kwanza za mechi kupinga, na Septemba 2025 ilitangazwa kwamba nahodha wao atahamia Chelsea msimu unaofuata. Kwa hiyo nawe, ukishangilia usajili mpya pale Tukuyu, jua kuna kijana mwenzako Strasbourg ambaye timu yake imefanywa kitalu cha miche ya timu yako. Lile nalo ni suala la maadili, ingawa halina damu.

Kuna namna nyingine ya kununua, ambayo nataka uieleze kwa wazee wako kwa lugha ya shambani. Chukulia chama chenu cha kahawa kina mashine yake ya kukoboa, hakidaiwi na mtu. Anakuja mtu anasema nawanunueni. Fedha hana. Anakwenda benki, anakopa, anaweka dhamana mashine yenu ileile, anawalipa wenye hisa, halafu deni analiandika kwa jina la chama. Msimu ukifika kahawa yenu inalipa riba ya mkopo uliotumika kuwanunua nyinyi. Amenunua ng'ombe kwa mkopo, na deni amemwandikia ng'ombe.

Ndivyo familia ya Glazer ya Marekani ilivyoichukua Manchester United mwaka 2005. Bei ilikuwa karibu pauni milioni 790, na zaidi ya milioni 500 zilikuwa za kukopa. Klabu iliyokuwa haina deni ikaamka na deni, na tangu hapo mamia ya mamilioni ya pauni yamekwenda kwenye riba. Mei 2024, mechi na Arsenal ilipoisha, mvua ilimwagika kupitia paa la uwanja wao, Old Trafford, kama maporomoko. Hakuna udikteta hapo, hakuna mwandishi aliyeuawa, kila karatasi ilikuwa halali. Lakini nikiulizwa ni ununuzi upi umeiumiza klabu yenyewe zaidi, nitautaja huu. Kuna mashabiki walioondoka mwaka uleule wakaanzisha klabu yao, FC United of Manchester, ambako kila mwanachama ana kura moja. Hao nawaheshimu kuliko ninavyoweza kusema.

Umesikia pia kwamba wapo matajiri wema, na ni kweli. Vichai Srivaddhanaprabha wa Thailand aliinunua klabu ya Leicester ya Uingereza mwaka 2010. Mwaka 2013 aliugeuza mkopo wa pauni milioni 103 aliokuwa anaidai klabu ukawa hisa, yaani alilifuta deni. Alitoa pauni milioni 2 kwa hospitali ya watoto ya mji ule. Mwaka 2016 wakawa mabingwa wa Uingereza. Oktoba 2018 helikopta yake ilianguka nje ya uwanja muda mfupi baada ya mechi, akafa yeye na wenzake wanne, na mji mzima ukaweka maua. Familia yake ikaendelea na klabu. Ikashuka daraja 2023, ikapanda, ikashuka tena 2025. Wema wa mtu huzikwa naye, mdogo wangu. Ndiyo maana sipendi kusikia "huyu mgeni wetu ni mtu mzuri." Inawezekana ni mzuri kweli. Mkataba unaandikwa kwa ajili ya mrithi wake.

Turudi nyumbani sasa, kwa sababu usije ukasimama mkutanoni ukadhani tatizo ni wageni.

Unaikumbuka Ihefu. Timu ya Mbarali, ya mashamba ya mpunga ya Usangu, ikicheza Highland Estates pale Ubaruku. Tarehe 29 Novemba 2022 Yanga walikuja wakiwa wamecheza mechi 49 za ligi bila kufungwa. Ihefu wakawapiga 2–1. Oktoba 2023 Yanga wakarudi, wakapigwa 2–1 tena. Wilaya ya wakulima wa mpunga! Kisha katikati ya msimu huohuo timu ikahamishiwa Singida, na msimu wa 2024/25 ikaanza ikiitwa Singida Black Stars. Walioichukua ni Watanzania wenzetu, na sisemi kuna sheria iliyovunjwa. Nasema tu hapakuwa na mtu Mbarali aliyekuwa ameshika karatasi kama ile ya wenye kiwanja wa Chelsea.

Nilipita Ubaruku baadaye kwa kazi ya kukagua kikundi cha wakulima wa umwagiliaji. Nilikula kwa mama mmoja kando ya barabara, wali na samaki. Nyuma ya banda lake kulikuwa na mabenchi marefu manne yamepangwa juu kwa juu, na sufuria mbili kubwa zimefunikwa gunia. Nikamuuliza kama ana shughuli. Akasema hapana, yale aliyachongesha kwa ajili ya siku za mechi, siku ile ya Yanga alipika mara tatu na bado watu waliondoka na njaa. Nikamuuliza sasa? Akapangusa meza, akasema, "Timu imepata uhamisho, kaka, kama mwalimu." Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa. Nimekagua hasara nyingi, lakini yale mabenchi hayakuwa kwenye kitabu chochote cha mizania, na hakuna mnunuzi aliyetakiwa kuyalipia.

Wewe wa Tukuyu unanielewa. Mji wenu ulikuwa na Tukuyu Stars waliopanda daraja na kuchukua ubingwa wa nchi msimu huohuo, 1986. Wazee wenu wanaogombana sasa hivi walikuwa vijana uwanjani. Wanaposema "timu si ya kuuza" usidhani ni ushamba.

Kwa hiyo useme nini?

Sheria ya michezo ya kwetu imeshaweka uzio mmoja. Klabu ya wanachama ikigeuzwa kampuni, wanachama wanabaki na asilimia 51 na mwekezaji hazidi 49. Simba ilipomkaribisha Mohammed Dewji na shilingi zake bilioni 20, mgao ukawa huo. Wajerumani wana uzio unaofanana nao tangu 1998, wanachama wanashika nusu ya kura na moja zaidi. Kwa hiyo mgeni wenu kusema ataichukua "timu yote" ni kauli ya kumrekebisha kwa upole kabla hamjaanza mazungumzo. Lakini usilale kwa sababu ya hiyo 51. Nimeona klabu, mkoa siutaji, ambayo wanachama walikuwa na 51 zao kwenye karatasi na mwekezaji, mzawa, alikuwa ndiye anayelipa mishahara, posho, mafuta ya basi na hata chai ya mkutano mkuu. Mkataba ulikuwa kurasa mbili. Orodha ya mali ilikuwa mipira minne, nyavu mbili, seti mbili za jezi na pampu. Kifungu kimoja kilisema jina na rangi vitaamuliwa na "mfadhili mkuu". Hakuna mwanachama aliyepiga kura ya kumpinga, kwa sababu kila mmoja alijua mwisho wa mwezi ungefika. Asilimia bila fedha yenu wenyewe, hata kidogo, ni heshima tu. Ada zenu za mwezi msiziache hata akija na mabilioni.

Jina, rangi, nembo na sharti la kwamba timu inabaki Rungwe viwekeni mbali na kampuni itakayocheza mpira. Undeni baraza la wadhamini, lisajiliwe RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, livimiliki vitu hivyo, na kampuni ipewe ruhusa ya kuvitumia maadamu inatimiza sharti. Kule Cardiff mmiliki kutoka Malaysia, Vincent Tan, aliwavua mashabiki rangi ya buluu akawavisha nyekundu mwaka 2012, na ikawachukua hadi Januari 2015 kuirudisha. Miaka karibu mitatu ya kugombania rangi ya shati ambayo kifungu kimoja kingeilinda.

Kuhusu uwanja, muulizeni utajengwa kwenye ardhi ya nani. Mgeni hamiliki ardhi Tanzania isipokuwa kwa njia ya uwekezaji, kwa hiyo kitakachotokea ama ni kampuni yake kupewa haki ya kuitumia, ama ni kujenga kwenye kiwanja chenu. Katika la kwanza nyinyi ni wapangaji kwenye nyumba mliyoshangilia ikijengwa. Kiwanja kama mnacho, kikae kwa wadhamini, na iandikwe kwamba hakitawekwa dhamana kwa mkopo wa mtu yeyote. Iandikwe pia kwamba fedha yake inaingia kama mtaji, isije ikageuka mkopo siku akikasirika. Na mshahara wa msimu mmoja mzima auweke benki kabla ligi haijaanza. Málaga ya Hispania ilinunuliwa na mwanafamilia wa kifalme wa Qatar mwaka 2010, ikafika robo fainali ya Ulaya 2013, na miaka mitano baadaye ilikuwa imeshuka daraja.

Limebaki swali la mjomba wako, fedha imetoka wapi. Kwa Abramovich ilibidi kusoma majalada ya Moscow. Kwa mgeni wenu ni safari ya bodaboda. Nendeni kwa wakulima wanaomuuzia maparachichi, Busokelo na kwingineko. Angalieni mzani anaotumia. Ulizeni kama kreti inayokataliwa hurudishwa kwa mkulima au hubaki kwake na bei haitajwi. Ulizeni wasichana wa kuchambua na kupanga matunda wanalipwa kila wiki au wanaambiwa wasubiri meli ifike. Viongozi wa timu mkienda peke yenu watawaficha, maana watadhani mnatafuta sababu za kumfukuza mnunuzi wao. Mchukue mjomba. Mzee wa kanisa anajua kukaa kwenye kigoda cha mtu na kungoja mpaka aseme, na amekuwa akikupa hoja hii kila Jumamosi kwa miaka. Mpe nafasi ya kuifanyia kazi. Mkitoka huko, na majibu yakiwa yameandikwa kwenye daftari, ndipo mpige mbiu ya mkutano.